Divai nyekundu, divai nyeupe, na ulimi wa padri

Katika harusi ya Kana mkubwa wa karamu alionja kwanza, kisha akatoa hukumu yake. Hakujua divai imetoka wapi, lakini ulimi wake ulijua ya kuwa inapita ile ya kwanza. Basi kuonja divai na kuieleza ni kazi ya zamani, wala si anasa ya matajiri peke yao. Plinius, Mroma aliyekufa mwaka 79, aliandika kwamba rangi za divai ni nne: nyeupe, ya manjano, ya damu na nyeusi.

Sisi watu wa Kibabi tuna ulimi wa kasiksi. Mzee akionja anasema mara moja: hii ni changa, hii imeiva, hii imepita siku zake. Lakini mzabibu haukai vema katika milima ya Masisi. Unataka majira makavu. Mvua ikizidi, matunda yanashikwa na ukungu. Kwa hiyo divai ya Misa ilitufikia toka mbali. Mapadri Weupe, ambao Askofu Mkubwa Lavigerie aliwaanzisha Algeria mwaka 1868, walilima mizabibu yao huko Maison-Carrée, na tena Thibar katika Tunisia. Karibu nasi zaidi, wamisionari Waitalia wa Bihawana, Dodoma, walipanda mizabibu karibu mwaka 1957. Kule mvua ni chache, na watu wanavuna mara mbili kwa mwaka. Zabibu ya Makutupora inatoa divai nyekundu, Chenin Blanc inatoa nyeupe.

Tofauti yake ni nini? Nyekundu inachachuka pamoja na maganda. Maganda ndiyo yanayoleta rangi, na ule ukakasi unaokausha ulimi kama ndizi mbichi. Nyeupe inakamuliwa kwanza, maganda yanatolewa. Ndiyo sababu ni nyepesi, na ukali wake ni kama wa limau. Kwa altare zote mbili ni halali. Wengi walichagua nyeupe kwa kuwa haiachi madoa katika vitambaa vya kalisi.

Wengine wameuliza: mbona tusitwae pombe ya ndizi? Swali si la upumbavu. Misale ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, ilipokea kuwataja wahenga wetu na kucheza mbele ya altare. Lakini divai ilibaki ya mzabibu, kwa kuwa ndiyo Bwana aliyoitwaa katika karamu ya mwisho. Sheria ya Eklezya ya mwaka 1983, kanuni 924, inadai divai ya asili ya zabibu, isiyoharibika.

Hapo ndipo ulimi unapohitajiwa. Chupa iliyofunguliwa ikikaa sakristiani, hewa inaigeuza siki. Basi, ndugu wafrateri na wakatekista, Jumamosi jioni: tazameni rangi, nuseni, onjeni tone moja. Ikinuka siki, iwekeni kando. Yule wa Kana alionja kwa ajili ya wageni wa harusi. Sisi tunaonja ili taifa la Mungu lisikose Misa ya kweli.