Topalov, Mbulgaria Aliyekataa Sare

Mei 11, 2010, Sofia. Baada ya michezo 11, Veselin Topalov na bingwa wa dunia wa sataranji, Viswanathan Anand wa India, walikuwa sawa kwa pointi 5.5 kila mmoja. Ulibaki mchezo mmoja. Sare ingewapeleka kwenye michezo ya haraka, na huko Anand alikuwa hatari kuliko karibu wote wa zama zake. Topalov, mwenye kete nyeupe, mbele ya watu wa nchi yake, hakutaka kufika huko. Akala kitunda ambacho angeweza kukiacha, njia ya kumfikia mfalme wake ikafunguka, na malkia wa Anand akapita humo humo. Taji likabaki kwa Mhindi.

Ni rahisi kusema siku ile Topalov alipitiwa. Mimi naona alicheza vile alivyocheza miaka yote.

Alizaliwa Machi 15, 1975 mjini Ruse, kando ya mto Danube, na baba yake ndiye aliyemfundisha sataranji. Kocha Silvio Danailov akamchukua angali mdogo, na baadaye makao yao yakawa Salamanca, Hispania. Mwaka 1989 alitwaa ubingwa wa dunia wa vijana chini ya miaka 14, na 1994 kwenye Olimpiadi ya sataranji ya Moscow akamshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov mwenyewe.

Kasparov alilipiza Januari 1999 huko Wijk aan Zee, Uholanzi. Alimtolea ngome, na Topalov angeweza kuiacha tu akabaki salama. Akaila. Mfalme wake akaswagwa ubao mzima hadi safu ya mwisho ya upande wa adui, na mchezo ule bado unasomwa kama mmoja wa mizuri kuliko yote iliyowahi kuchezwa. Sifa zote hupewa Kasparov. Naamini Topalov anastahili fungu lake, kwa maana mwoga asingeigusa ngome ile, na uzuri wote uliofuata usingeonekana.

Mwaka 2005 ujasiri huo ulimlipa. Machi, Linares, alimfunga Kasparov katika raundi ya mwisho, na Kasparov akatangaza kustaafu siku ile ile. Mei akashinda mashindano ya Sofia, ambako wachezaji walikatazwa kukubaliana sare wao kwa wao. Kanuni hiyo, ambayo Danailov aliipigania, hadi leo inaitwa kwa jina la mji huo. Kisha ikaja San Luis, Argentina, magwiji wanane wakigombea ubingwa wa dunia wa FIDE, shirikisho la sataranji duniani. Katika michezo saba ya kwanza Topalov alishinda sita na kutoa sare mmoja. Saba iliyobaki yote ilikwisha kwa sare, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumfikia tena.

Taji hilo alikaa nalo mwaka mmoja. Mwaka 2006 alikutana na Vladimir Kramnik wa Urusi mjini Elista. Kambi ya Topalov ililalamika kwamba Kramnik alikwenda msalani mara nyingi mno. Vyoo vya faragha vikafungwa, Kramnik akagoma, na mchezo wa tano akapewa Topalov bila kuchezwa. Pointi ile naiona doa, kwani haikufanana hata kidogo na mtu aliyependa kushinda ubaoni. Walimaliza 6 kwa 6, na Kramnik akashinda michezo ya haraka kwa 2.5 dhidi ya 1.5.

Hakufifia mara moja. Oktoba 2008 alirudi kileleni mwa orodha ya ubora duniani, na mwaka 2015, akiwa na miaka 40, alishinda mashindano makubwa ya Stavanger, Norwei, nchi ya Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wa wakati huo. Mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya Moscow ya kumtafuta mpinzani wa Carlsen, alishika mkia. Baada ya hapo akacheza kwa nadra.