Kisu Kilicholika na Historia Yake

Katika vyombo vyote anavyovitumia binadamu nyumbani na shambani, ni vichache vinavyoandikiwa historia. Waandishi wa tarehe za kale hupenda kutaja mizinga, majahazi na viti vya enzi. Kisu hukiacha jikoni. Walakini kisu kilichotumika miaka mingi ni hati ya aina yake. Anayejua kukitazama ataona ndani yake kazi ya mwenyewe, njia ya biashara iliyokileta, na wakati mwingine msiba wa nchi nzima. Makusudi ya makala haya ni kuwaonyesha walimu wenzangu jinsi hati hiyo isomwavyo, na kwa nini yatupasa kuisoma pamoja na wanafunzi wetu.

Tuanze na chombo chenyewe. Huku Uganda, ambako ndizi za matoke ndizo chakula cha kila siku katika mikoa mingi, hakuna jiko lisilokuwa na kisu kidogo cha kumenyea. Kikiwa kipya, bapa lake ni pana na limenyooka. Baada ya miaka ya kunolewa juu ya kinoo au juu ya jiwe la mlangoni, bapa hupungua upana, tumbo lake huingia ndani kama mwezi mwandamo, na ncha huwa nyembamba. Utomvu wa ndizi hulitia weusi usiotoka. Mpini nao hulainika mahali pale pale kinapokaa kidole gumba. Mgeni hukiona kibovu. Mwenye nyumba hatakibadili kwa kipya, kwa maana kimekwisha kuuzoea mkono wake. Kulika huko si uharibifu. Ni hesabu ya milo iliyopikwa katika nyumba hiyo.

Kiswahili kimejaliwa majina mengi ya vyombo vya kukatia, na kila jina limefungamana na kazi. Mgema wa pwani hupanda mnazi na kotama, kisu chenye bapa pana lililopinda, ili akate shina la ua na tembo lichuruzike. Mvunaji wa mpunga ana mundu. Mchungaji wa Kimaasai ana sime, yenye makali pande zote mbili. Kinyozi ana wembe, na mpiga chuku ana kijembe cha kuchanjia ngozi. Wanafunzi wakiyaweka pamoja maneno jembe, kijembe na wembe, wataona kwamba yana shina moja: chuma cha kulimia, cha kuchanjia na cha kunyolea vilitoka katika tumbo moja la lugha. Tena mtu apigaye vijembe barazani hukata kwa maneno kama kijembe kikatavyo ngozi. Kwa majirani zetu wa Rwanda na Burundi mambo ni bayana zaidi, kwani neno lao lililo ndugu ya chuma, yaani icyuma kwa Kinyarwanda na icuma kwa Kirundi, lina maana ya madini yenyewe na maana ya kisu pia. Madini na chombo vimekuwa kitu kimoja.

Hilo si ajabu tukikumbuka jinsi chuma kilivyo cha kale katika nchi za Maziwa Makuu. Katika Buhaya, magharibi ya Ziwa Nyanza, wataalamu wa mambo ya kale wamegundua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliokuwa wanaukumbuka ufundi huo tangu ujana wao walijenga tanuri upya mbele ya mtaalamu wa Kimarekani, Peter Schmidt, wakayeyusha mawe ya chuma kwa makaa na mivukuto. Mabomba ya udongo yalipitisha hewa ndani ya tanuri, ikapata joto kabla ya kuufikia moto. Habari za kazi hiyo zilitolewa mwaka 1978 katika jarida la Science, na wasomi waliokuwa wakidhani kwamba ufundi wa namna hiyo haukupata kuwako Afrika walilazimika kufikiri upya. Ufipa nako zilijengwa tanuri ndefu kumpita mtu kimo. Bunyoro ilisifika kwa majembe yake na kwa chumvi ya Kibiro, na bidhaa hizo mbili zilitembea mbali. Katika jamii nyingi jembe la chuma lilikuwa mahari, na pia lilikuwa fedha.

Kisu cha zama hizo, basi, hakikuwa kitu cha kutupwa. Kabla hakijafika mkononi mwa mpishi, watu wamekwisha kuchimba mawe, kukata miti, kuchoma makaa, kuvukuta usiku na mchana, na mhunzi amekwisha kuponda donge la chuma juu ya fuawe hata uchafu ukatoka. Ndiyo sababu wahunzi waliheshimiwa na kuogopwa. Kisu kilichokwisha kulika hakikuzikwa. Kilirudishwa motoni kikawa kitu kidogo zaidi.

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, majembe na visu vya viwanda vya Ulaya vilijaa masokoni kwa bei nafuu, na tanuri zikazimika moja baada ya nyingine. Uhunzi, hata hivyo, haukufa. Mhunzi aliacha kuyeyusha mawe, akaanza kufua chuma chakavu. Mpaka leo springi za magari yaliyokufa hugeuzwa kuwa visu na mapanga katika masoko yetu, na wanunuzi wengi husema kwamba makali yake hudumu kuliko ya kiwandani. Hapo pia kisu kina historia ya nyuma yake: kabla ya kukata nyama kilikwisha kubeba mizigo barabarani.

Sasa tutazame safari ya majina, kwa sababu hapo ndipo mwalimu wa lugha anapokuwa na neno la kusema ambalo mtaalamu wa tanuri hanalo.

Upanga ni silaha. Ni chombo cha askari na cha mfalme, na wingi wake ni panga. Lakini wasemaji wa Kiswahili walilivua neno hilo kiambishi chake cha u-, wakalitia katika ngeli ya ukubwa, likawa panga, wingi mapanga. Kwa badiliko hilo dogo la sarufi silaha iliteremshwa shambani, ikawa chombo cha kufyekea vichaka, kukatia miwa na kupasulia kuni. Kisha neno likasafiri na chombo chenyewe: Wanyarwanda wakasema umupanga, wakaliweka kando ya umuhoro wao wa zamani wenye kichwa kilichopinda, na hata Waingereza waliokaa Afrika ya Mashariki wakalichukua, likaingia katika kamusi zao.

Jambia nalo lilipitia njia kama hiyo. Kwa Waarabu wa Yemeni na Omani jambia ni kisu kilichopinda, huvaliwa kiunoni mbele, nacho ni alama ya heshima ya mwanamume. Omani, ambako huitwa khanjari, imekiweka katika bendera yake tangu mwaka 1970. Wafanyabiashara wa pwani walifika katika Buganda, kwa Kabaka Suuna wa Pili, katika miaka ya 1840, na nguo, shanga na bunduki zao. Na pamoja na bidhaa zao likaja neno. Leo ukimwambia mkulima wa Buganda akuazime ejjambiya, hatakuletea kisu cha heshima chenye ala ya fedha. Atakuletea panga lake la shambani, lenye udongo na majani. Kwa hiyo maneno mawili yaliyoanza katika vita na fahari yaliishia katika migomba. Nadhani hiyo ni historia njema, na ni watu wasiojulikana majina waliotutungia, kwa kusema tu.

Hatuna budi kutaja pia kwamba fahari ya jambia ilitugharimu. Katika Yemeni mpini uliopendwa kuliko yote ulichongwa kwa pembe ya kifaru, kwa sababu pembe hiyo kadiri inavyoshikwa na kusuguliwa miaka kwa miaka ndivyo inavyong'aa, na jambia kuukuu la babu huwa na thamani kuliko jipya. Katika miaka ya 1970 fedha za mafuta ziliwawezesha vijana wengi kununua majambia ya namna hiyo, na pembe za maelfu ya vifaru, nyingi kutoka Afrika ya Mashariki, zikavuka bahari. Serikali ya Yemeni ya Kaskazini ilipiga marufuku uingizaji wake mwaka 1982, lakini vifaru wetu walikuwa wamekwisha kupungua mno. Uganda ilibaki bila kifaru hata mmoja wa porini. Mng'ao wa mpini ulioshikwa kwa upendo na baba na babu ulikuwa na damu upande wa pili.

Lakini jambo zito kuliko yote ni lile la Rwanda, na mwalimu wa eneo hili hawezi kulikwepa. Kwa siku zipatazo 100 kuanzia Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, waliuawa watu zaidi ya 800,000. Bunduki, mabomu ya mkono na marungu vilitumika. Na panga pia lilitumika, hata likawa katika picha na vitabu vya ulimwengu alama ya mauaji hayo. Wengi waliosikia habari hizo kwa mbali walidhani kwamba wakulima walishikwa na ghadhabu, wakaokota tu kile kilichokuwa karibu. Ni kweli kwamba mapanga mengine yalitoka katika mashamba yale yale yaliyokuwa yakipalilia migomba. Lakini ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 1999 ilionyesha kwamba kati ya Januari 1993 na Machi 1994 zilitolewa leseni za kuingiza Rwanda kilo 581,000 za mapanga, kiasi kilichopita mahitaji ya miaka iliyotangulia. Kilo hazijihesabu zenyewe, wala leseni haijitii sahihi. Mtu alikaa mezani akaandika.

Hapa ndipo maana ya kisu kilicholika inapodhihirika. Panga kuukuu la mkulima, lililopungua upana kwa kunolewa misimu thelathini, ni ushahidi wa amani: kila unywele wa chuma uliokosekana ulipotea katika majani, magugu na kuni. Panga jipya lililotoka katika kasha halina ushahidi wowote. Historia yake ataiandika mwenye kulishika na mwenye kumtuma. Wahenga walituachia usemi wa walioshika mpini na walioshika makali. Usemi huo hautaji bapa, kwa maana bapa halichagui.

Basi mwalimu afanye nini? Mara nyingi nasahihisha insha ambazo ndani yake kila kikatacho ni kisu: kisu cha kukatia nyasi, kisu cha kinyozi, kisu cha mgema. Kosa si la mtoto. Majina hayakufundishwa, na jina likipotea, kazi hupoteza kumbukumbu yake. Napendekeza zoezi moja jepesi. Mwanafunzi asilete kisu shuleni, kwa sababu za usalama zinazojulikana; alete habari zake. Amwulize mzee wa nyumbani: kisu hiki kilinunuliwa wapi, na kwa kazi gani? Mpini wake umebadilishwa mara ngapi? Katika lugha ya nyumbani kinaitwaje, na jina hilo lafanana na neno gani la Kiswahili? Majibu yaandikwe kwa sentensi kumi. Darasa la watoto arubaini litapata insha arubaini za historia ambazo hazimo katika kitabu chochote, na mwalimu atapata msamiati wa ngeli tatu au nne bila kuandika orodha ubaoni.

Zoezi hili lafaa pia pale tunapofundisha methali. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, twawaambia watoto, na wao huikariri kama sifa ya mwenye nguvu. Tuwaulize: makali hayo yalitoka wapi? Mtoto aliyekwisha kumhoji bibi yake atajua jibu. Yalitoka katika kinoo, siku baada ya siku, katika mkono wa mtu aliyekuwa na watu wa kulisha.

Maneno upanga na jambia yalishuka kutoka vitani yakaenda shambani kwa hiari ya wasemaji. Chombo chenyewe kilirudishwa vitani kwa amri ya wachache. Watoto tunaowafundisha wakizijua safari hizo mbili, na wakajua kwamba zote mbili zilifanywa na watu, somo la Kiswahili litakuwa limefanya kazi kubwa kuliko kutoa alama za mtihani.