Plagi za Iridiamu kwa Pikapu Kuukuu: Tazama Rangi Kwanza

Wengi wetu tunaopandisha mizigo Nairobi kutoka Pwani tunategemea pikapu za zamani. Yangu ni Hilux ya petroli, injini ya 22R, lita 2.4, ya kabureta. Nilichoka kubadilisha plagi kila mara, nikaenda Barabara ya Kirinyaga katikati ya jiji nikanunua nne za iridiamu, ghali mara kadhaa kuliko za kawaida. Wiki tatu baadaye, nikiwa na madafu ya mteja wa Kangemi, gari likaanza kukohoa kwenye Waiyaki Way. Fundi alipozifungua, zilikuwa nyeusi tititi kwa masizi.

Kosa halikuwa la plagi.

Cheche hula ncha ya plagi ya kawaida, ambayo ni ya nikeli, mpaka mwanya unapanuka. Kwa kawaida huhimili kilomita 20,000 hadi 30,000. Nikeli huyeyuka kwenye nyuzi 1,455 za Selsiasi, iridiamu huvuka 2,400. Ndiyo maana ncha yake hutengenezwa nyembamba, na cheche huruka kwa umeme mdogo, jambo linalofaa gari kuukuu. Lakini uliza dukani: zile zenye madini magumu pande zote mbili za mwanya ndizo zinazoweza kufika kilomita 100,000. Zenye iridiamu ncha ya kati tu huchakaa mapema zaidi.

Ugumu huo hauzuii masizi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Kabureta iliyosetiwa Pwani humwaga petroli kupita kiasi huku juu.

Basi kabla ya kununua, fungua plagi za zamani utazame:

- Kahawia au kijivu: injini ni nzima, iridiamu itakulipa.
- Nyeusi kavu: petroli imezidi au filta ya hewa imeziba.
- Nyeusi yenye mafuta: oili inapita kwenye ringi au sili za valvu. Baki na plagi za kawaida mpaka utengeneze injini.
- Nyeupe: injini inachemka au petroli ni haba.

Unapofunga, injini iwe baridi. Chukua namba ya joto ileile na urefu uleule wa uzi. Zungusha kwa mkono mpaka ikae, kisha ongeza nusu mzunguko kwa spana. Ncha ya iridiamu usiisugue kwa brashi ya waya, huvunjika.

Fundi wangu alibadilisha filta, akaseti kabureta, akarudisha plagi zilezile, na gari likapanda bila kukohoa. Niliporudi Mombasa nilimwonyesha fundi wa nyumbani aiseti tena, maana iliyosetiwa Nairobi ikishuka Pwani hunyimwa petroli, na hapo injini ndiyo inayoungua.