Ngoro za Umatengo na Fedha za Utafiti

Nani huamua swali la utafiti: mwenye fedha, msomi au mkulima? Tuitazame Mbinga. Katika miteremko mikali ya Umatengo wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga miraba. Wanawake huzifukia kwa udongo, na katikati hubaki shimo la kuzuia maji ya mvua yasiuchukue udongo. Hizo ndizo ngoro. Mwaka 1938 Mwingereza A.H. Pike aliziandikia makala. Maarifa yalikuwa ya wakulima, sifa ikawa ya mwandishi.

Mwaka 1994 wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pamoja na wenzao wa Kyoto, walianza utafiti huko kwa msaada wa JICA ya Japani. Fedha zilikuwa za kigeni, hilo tusilifiche. Lakini safari hii msomi alikwenda kijijini kujifunza. Mradi uliofuata, 1999 hadi 2004, ulizaa jambo la kushikika: huko Kindimba palijengwa mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa maji, na wanakijiji wakaunda kamati waliyoiita Sengu, kwa desturi ya kale ya Wamatengo ya kula na kushauriana pamoja. Makala nyingi za utafiti huo, hata hivyo, zilitoka kwa Kiingereza.