Siri ya Sailensi: Land Rover za Zamani na Enzi Ambazo Fundi Alitega Sikio

Wadau, mnakumbuka Oktoba 2024 Arusha ilivyojaa Land Rover? Ndinga za kila rika zilitoka kila kona kwenda kutafuta rekodi ya dunia ya msafara, na mitandaoni ikawa ni picha tu za rangi, matairi na mahema ya juu ya gari. Kitu ambacho picha haiwezi kuonesha ni sauti. Gari ya kisasa ikisimama kwenye foleni unaweza usijue kama inawaka. Land Rover ya miaka ya sitini ikisimama inaongea, na mtu mwenye sikio anajua hapo hapo kama injini ni nzima au mwenye gari anaficha jambo.

Ule mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama na mguu haujagusa mafuta, mafundi wa Bongo wanauita sailensi. "Sailensi ipo juu", "sailensi inapanda na kushuka", gereji zote mtasikia hivyo. Leo kazi ya kuipanga anafanya kompyuta. Zamani ilikuwa skrubu mbili, bisibisi moja na sikio la binadamu, na habari ya jinsi kazi hiyo ilivyomtoka fundi mkononi ni tamu kuliko mnavyodhani.

Turudi nyuma kidogo. Jeep za Vita ya Pili ya Dunia, zile Willys na Ford zilizotengenezwa zaidi ya laki sita, zilikuwa na kitufe cha kuvuta kwenye dashibodi ambacho kinapandisha mzunguko kwa mkono. Dereva akitaka injini izunguke zaidi huku mguu umepumzika, anavuta tu. Baada ya vita mhandisi mmoja mkubwa wa kampuni ya Rover alikuwa na Jeep kama hiyo kwenye shamba lake huko Anglesey, Wales, na kutokana nayo likaja wazo la gari la mkulima. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ya kwanza ikaoneshwa Amsterdam, injini ya lita 1.6, nguvu kama farasi 50.

Hapa ndo pa kuelewa vizuri. Gari hii haikubuniwa kwa ajili ya kutembea tu. Ilitakiwa isimame shambani na injini yake izungushe msumeno, pampu ya maji au mashine ya kupura nafaka. Kwa hiyo kusimama huku inawaka ilikuwa nusu ya kazi yake! Gari ikizimazima au ikitetemeka ikiwa imesimama, kwa mkulima wa Wales au wa Tanganyika hiyo ilikuwa hasara kabisa.

Sasa hizo skrubu. Ukitoa mguu kwenye mafuta, ndani ya kabureta kuna kibati cha duara kinachofunga njia ya hewa, lakini hakifungi kabisa. Skrubu ya kwanza ndo inakizuia kisifunge hadi mwisho, na upenyo ule mdogo unaobaki ndo unaamua injini izunguke kasi gani. Skrubu ya pili inapanga mchanganyiko, yaani petroli kiasi gani ipite kwenye kitundu chembamba wakati huo wa kusimama. Watu wengi wanaijua ya kwanza tu, na matatizo yanaanzia hapo.

Wazee wa kazi walikuwa na utaratibu wao na hawakukubali kuharakishwa. Kwanza injini ipate moto, choki irudishwe ndani kabisa. Kisha plagi, pointi, taimingi na tapeti vikaguliwe, maana ukipanga sailensi juu ya taimingi mbovu umepanga uongo. Baada ya hapo wanageuza skrubu ya mchanganyiko taratibu mpaka pale injini inapozunguka kwa kasi na ulaini kuliko sehemu nyingine yoyote, halafu wanashusha mzunguko kwa skrubu ya kwanza. Wanarudia tena. Skrubu moja ikiguswa nyingine inadai haki yake. Robo ya mzunguko wa bisibisi, unasubiri, unasikiliza. Gari nyingi za aina hii hazikuwa hata na saa ya RPM kwenye dashibodi, sasa utapima na nini kama si sikio?

Mwaka 1970 ikaja Range Rover na injini ya V8 ya lita 3.5 yenye kabureta mbili, na hapo wazee wakaonesha uwezo. Kabureta mbili lazima zivute hewa sawasawa, la sivyo upande mmoja wa kazi unamlalia mwenzake. Dawa yao ilikuwa kipande cha mpira mwembamba, ncha moja mdomoni mwa kabureta, nyingine sikioni. Wanasikiliza mluzi wa kushoto, wanahamia kulia, wanageuza skrubu mpaka miluzi ifanane. Leo mtu akiposti video fundi kajichomeka mpira sikioni mtasema ni komedi.

Kwa Tanzania mambo yalikuwa na utamu wake, na hatari yake. Chukueni Land Rover iliyopangwa sailensi vizuri Dar, usawa wa bahari, ipandisheni mpaka ukingo wa Ngorongoro, mita kama 2,300 juu. Kule hewa ni nyepesi, pungufu kwa takriban moja ya tano, lakini kabureta haina habari, inamwaga petroli ile ile. Injini inakuwa nzito, inatoa moshi mweusi, plagi zinashika masizi, ikisimama inazima. Fundi wa kule anafunga kidogo skrubu ya mchanganyiko na kunyanyua mzunguko. Gari ikirudi Dar na mpangilio huo wa mlimani, sasa petroli ni chache kuliko hewa, inakohoa na kuzima kwenye mataa.

Halafu kuna kushuka ndani ya kreta yenyewe, kama mita 600 za mteremko. Kanuni ya gari hizi kwenye mteremko mkali ni gia ya kwanza ya upande mzito, mguu mbali na klachi, injini yenyewe ishike gari. Ikiwa sailensi ni ya kawaida, gari linajivuta kama mtu anayetembea kwa miguu. Ikiwa mtu kaipandisha mara mbili, injini inalisukuma gari badala ya kulizuia, kwa sababu kile kibati kimebaki wazi. Dereva anahamia kwenye breki, na breki za Land Rover ya zamani, tuheshimiane tu, si za kuzitegemea mteremko mzima. Ikiwa chini mno nayo ni balaa, injini inazima katikati ya kona. Kwa hiyo ile robo ya bisibisi ilikuwa inabeba watu ndani ya gari.

Kwa nini basi watu walikuwa wanaipandisha? Sababu nyingine ni za haki. Land Rover nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilikuwa na dainamo, na dainamo haichaji kitu gari ikiwa imesimama, taa nyekundu inawaka pale kwenye dashibodi. Ukifunga taa kubwa za mbele na redio, betri inalia. Series III ya mwaka 1971 ilikuja na altaneta, shida ikapungua.

Sababu nyingine ni za kihuni. Injini iliyochoka, presha ya oili inashuka ikiwa imesimama na taa ya oili inapepesa. Pandisha sailensi, taa inazimika, mteja anatabasamu. Valvu moja imeungua, injini inamisi, gari linatikisika kama lina homa. Pandisha sailensi, kutikisika kunapotea. Kabureta ya Zenith iliyofungwa kwenye injini nyingi za lita 2.25 kuanzia mwisho wa miaka ya sitini ilikuwa na ugonjwa wake maarufu: uso wa chuma kati ya vipande vyake unapinda kwa joto, kidude cha mpira cha duara ndani kinachoka, petroli inapita pasipotakiwa na sailensi haitulii hata ufanyeje. Dawa ni kuifungua, kusawazisha ule uso na kuweka mpira mpya. Dawa ya mjanja ni ile ile, skrubu.

Lakini gari husema ukweli kwa njia zake. Ukizima ufunguo, injini inaendelea kukohoa sekunde kadhaa kama imekataa kulala. Kwenye Series II, ambayo gia ya kwanza na ya pili zinagoma kuingia kama mizunguko haijapatana, ukiweka gia umesimama unasikia kgrrr. Wazee wakisikia hiyo kgrrr kutoka barabarani walikuwa wanacheka tu.

Aliyemnyang'anya fundi bisibisi hakuwa kompyuta kwanza, alikuwa sheria. Marekani ilipoanza kubana moshi wa magari, watengenezaji wakaanza kuvika skrubu ya mchanganyiko vikofia vya plastiki kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, ili igeuke kidogo tu. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 zikafunikwa kwa vizibo vya chuma kabisa. Sababu ni ya maana, injini iliyosimama na petroli nyingi inatoa hewa ya sumu kwa wingi, na jiji lenye magari milioni likisimama kwenye taa ni jiko la sumu. Ila ujumbe kwa fundi ulikuwa mmoja: usiguse.

Kompyuta ikaja kumaliza. Range Rover za mwishoni mwa miaka ya 1980 zilikuwa na mota ndogo inayofungua na kufunga njia ya hewa yenyewe. Defender za injini ya Td5, mwishoni mwa miaka ya tisini, zikaondoa hata waya wa mafuta, pedeli inatuma umeme tu, na gari likitaka kuzima kompyuta inaongeza mafuta bila kumuuliza mtu. Ni raha, hakuna ubishi. Watu wa porini hata hivyo waliendelea kung'ang'ania 300Tdi na Land Cruiser za 1HZ, ambazo skrubu ya sailensi ipo pale pale kwenye pampu ya dizeli, inaonekana kwa macho.

Sasa hizi Series zimekuwa fasheni, vijana wa mjini wanazisaka kwa ajili ya harusi, video na safari za wikiendi. Anayekwenda kununua aombe gari liwashwe likiwa baridi, siyo limeshapashwa moto kabla hajafika. Aliache limesimama dakika kumi, choki ndani, asikilize, huku macho yapo kwenye taa ya oili. Halafu afungue boneti atazame kichwa cha ile skrubu ya kabureta. Kama injini nzima ina vumbi na mafuta ya miaka, ila mfereji wa bisibisi unang'aa, mtu kapita hapo jana.