Sheria, Nia Njema na Noti ya Wizi

Sheria ya kibepari inapomlinda mtu mwaminifu aliyepokea noti iliyoibwa, inamlinda nani hasa? Swali hili linatupasa kulijibu kwa kuchunguza historia, si kwa kubuni.

Usiku wa tarehe 11 Desemba 1756, nchini Uingereza, barua za posta ziliporwa njiani. Miongoni mwake ilikuwamo noti ya Benki Kuu ya Uingereza ya pauni 21 na shilingi 10, iliyotumwa na William Finney. Kesho yake Miller, mwenye nyumba ya wageni, aliipokea katika biashara yake, akatoa thamani yake kamili bila kujua kuwa ni ya wizi. Finney aliiomba benki isiilipe. Miller alipoipeleka, karani Race alikataa kulipa, akakataa pia kuirudisha.

Mwaka 1758 Jaji Mkuu Lord Mansfield alimpa Miller haki. Alieleza kwamba noti si mali kama mali nyingine. Watu huipokea kama fedha taslimu. Aliyeipokea kwa nia njema na kwa thamani hanyang'anywi kwa sababu ya kosa la mwizi.

Tusidhani kwamba hiyo ilikuwa huruma. Finney naye hakuwa na kosa, lakini hasara ilimwangukia yeye. Tabaka la wafanyabiashara lilitaka noti zipite mkono kwa mkono bila kusitasita. Haki ya Miller ilitokana na mahitaji ya biashara.

Sheria za Uingereza ziliingizwa Tanganyika kwa Amri ya Mfalme ya mwaka 1920. Kanuni ya nia njema ikaja nazo, lakini mkulima aliachwa nje. Katika miaka ya 1930, deni la Mwafrika kwa asiye Mwafrika halikuweza kudaiwa mahakamani bila kibali cha ofisa wa serikali. Hatua hiyo iliitwa ulinzi. Matokeo yake ni kwamba mlango wa mikopo ulifungwa.

Tarehe 6 Februari 1967 mabenki yalitaifishwa, lakini kanuni ya nia njema haikutupwa. Ndivyo ilivyostahili. Mkulima anayepokea hundi kwa uaminifu anaihitaji kuliko tajiri mwenye wakili.

Basi kada asiishie kuuliza kama sheria ipo. Aulize: udanganyifu ukitokea, hasara inamwangukia nani, na mnyonge ana njia gani ya kuidai haki yake?