Pera: tunda moja, njia sita za kulisoma

Leo tuweke kando mambo ya seva, tuongee matunda.

Jumamosi nilinunua mapera sokoni hapa Jericho, nikajiuliza jina hili limetoka wapi. Jibu ni Kireno, lakini kuna kituko: kwa Wareno, pêra ni lile tunda la nchi za baridi, jembamba juu na nene chini. Pera letu wao huliita goiaba. Asili yake ni Amerika. Wareno walifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, wakaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, wakaipoteza mwaka 1698. Tunda geni likapewa jina la tunda jingine. Hata ng'ambo ya bahari, kwa Kimarathi, pera huitwa peru.

Mtu wa kompyuta anahusikaje? Kwa sababu ya herufi moja.

Kabla ya hizi a, b, c, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na Kiarabu hakina p. Waandishi wengi wa zamani walitumia ب hiyo hiyo kwa b, p na hata mb. Alama ya kasra nayo ilisimamia i na e. Piga hesabu: tatu mara mbili ni sita. Bira, bera, pira, pera, mbira, mbera! Msomaji wa Lamu hakubabaika, maana alijua sentensi inazungumzia tunda. Kompyuta haijui.

Baadaye wengine walichukua پ ya Waajemi, yenye nukta tatu. Kwenye Unicode, ب ni U+0628 na پ ni U+067E. Kwa jicho wametofautiana nukta mbili tu; kwa programu ya kutafuta, hawajuani kabisa.

Nilipoanza kuandika programu ya kutafuta maneno katika maandishi hayo, nilitaka kugeuza kila ب ya "pera" iwe پ, yaishe. Nikasita. Nikikosea kusoma, nitakuwa nimefuta ushahidi, na hakuna atakayegundua.

Kwa hiyo naweka safu mbili: maandishi jinsi yalivyo, yasiguswe, na kando yake usomaji wangu. Utafutaji unapita kwenye safu ya pili. Nafasi ya diski ni rahisi. Neno la marehemu hulipati tena.

Haya, mapera yamebaki mawili. Tuonane wiki ijayo.